Wanauliza hadi idadi ya kuku: utafiti wa uchumi unatusaidia nini sisi wa chini?

Swali la msomaji:

"Mwalimu, habari za kazi. Mimi nauza ndizi soko la Mbuyuni hapa Moshi, nyumbani ni Kibosho. Mara tatu sasa wamekuja vijana na vishikwambi kutuuliza maisha yetu: tunakula nini, tunalala wangapi chumba kimoja, tuna kuku wangapi. Wanaandika, wanashukuru, wanaondoka, hatuwaoni tena. Na hapo hapo jirani yangu ambaye hali yake ni mbaya kuliko yangu hayumo kwenye ruzuku ya kaya maskini ya TASAF, na mwenye nafuu yumo. Kijana wangu kamaliza kidato cha nne, anataka kwenda Dar kutafuta maisha, baba yake anataka abaki shambani. Naona kuna watoto wanazaliwa wameshafika, na wa kwetu wanaanzia bondeni. Huo utafiti wenu unapunguza hilo kwa namna gani, au ni kazi ya kupeana posho?"

Jibu:

Mama, shikamoo.

Nianze na kuku, maana naona huko ndiko uchungu wako ulikoanzia, na maana mimi mwenyewe niliwahi kuwa mmoja wa hao vijana. Kabla sijaitwa mtafiti nilikuwa mdadisi, natembea na dodoso nyumba kwa nyumba.

Siku moja tulikuwa ukanda wa tambarare wa Hai, kule ambako mvua ikikataa msimu mmoja watu wanaanza kuhesabu miezi. Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kigoda anapepeta maharage. Swali langu lilisema: katika siku saba zilizopita, kaya yenu imetumia maharage kiasi gani? Akajibu bila kuinua uso, "Nusu sado." Kishikwambi kilikuwa kinataka kilo. Nikamwomba anionyeshe sado yenyewe. Akaleta kindoo cha rangi cha lita nne, mpini umekatika, akakijaza mpaka kilele kikasimama, nikakitundika kwenye mizani ya kuning'iniza. Kikapita kilo tatu. Nikagawa kwa mbili, nikaandika. Akanitazama akasema, "Hiyo ni sado ya wakati wa mavuno. Nikiishiwa nikaenda kununua dukani, kilele wanakifuta kwa mkono, na kindoo chao kitako kimesukumwa ndani kwa moto."

Jibu hilo sijalisahau. Mwenye akiba anauza sado iliyojaa, asiye na akiba ananunua sado iliyofutwa, na wote wawili wanaiita sado. Taarifa ya bei ingesema wanalipa sawa. Mizani ndiyo iliyoonyesha kwamba maskini analipa zaidi kwa kilo ileile. Wewe uliye sokoni unalijua hili kwa upande mwingine: mkulima analazimishwa kushindilia lumbesa, gunia limevimba na kuvishwa kofia, analipwa bei ya gunia moja.

Ndiyo maana tunauliza maswali yanayochosha. Kutokana na majibu ya namna hiyo, yaliyokusanywa kwa maelfu ya kaya nchi nzima, Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupiga hesabu ya mstari wa umaskini. Katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18, mstari wa mahitaji ya msingi ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30 unapata kama shilingi 1,640 kwa siku, na humo kuna chakula, sabuni, mafuta ya taa, nauli, kila kitu. Waliokuwa chini ya mstari huo walikuwa asilimia 26.4 ya Watanzania Bara. Vijijini walikuwa asilimia 31.3, mijini 15.8.

Sasa angalia kinachojificha hapo. Mwaka 2011/12 kiwango kilikuwa asilimia 28.2. Kwa miaka sita umaskini ulishuka kwa pointi chini ya mbili, wakati kila mwaka tulikuwa tunatangaziwa kwamba uchumi unakua kwa asilimia sita na zaidi. Kama si wale vijana na vishikwambi vyao, tungekuwa na tangazo moja tu, la kukua. Ni majibu ya watu kama wewe yaliyomlazimisha mpanga bajeti kuuliza: huo ukuaji unaishia mifukoni mwa nani? Swali hilo lilihitaji takwimu ili lisiweze kupuuzwa kama manung'uniko ya watu wa sokoni.

Na kuku? Kipato cha mtu asiye na mshahara ni kigumu kukijua. Ukimwuliza mama wa genge anapata kiasi gani kwa mwezi, hata akitaka kusema kweli hana jibu moja. Kwa hiyo wachumi hutafuta dalili zinazoonekana: paa ni la bati au nyasi, sakafu ni ya udongo au saruji, choo cha namna gani, wategemezi wangapi, mifugo mingapi. Dalili hizo zinapewa alama, na alama zinakadiria hali ya kaya. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF hutumia alama za namna hiyo baada ya wanakijiji wenyewe kutaja kwenye mkutano nani wana hali duni.

Hapo ndipo jirani yako alipopotelea. Kadirio ni kadirio. Nyumba yenye bati alilojengewa na mwanawe kabla hajafariki inaweza kumpa alama za mtu mwenye nafuu, na kumbe ndani hamna unga. Mwingine anaishi kwenye nyumba ya udongo na ana ng'ombe wamefugwa kwa shemeji. Kila njia ya kuchagua walengwa duniani ina makosa ya aina mbili, kumwacha anayestahili na kumchukua asiyestahili, na ukibana moja, jingine linapanuka. Sisemi hivi ili kumtetea mtu. Nasema ili ujue kwamba kosa la jirani yako lina jina na lina njia ya kulalamikiwa: mwende naye kwa mtendaji wa kijiji, malalamiko yaandikwe kwa karatasi, na wakati wa kuhakiki orodha msimame kwenye mkutano mlitaje. Ukinung'unikia sokoni, hakuna mahali linaingizwa.

Mpango huohuo ni mfano mzuri wa utafiti uliogeuka sera hapa hapa nchini, na nitakaa nao kidogo. Mwaka 2010, kabla ya kusambazwa nchi nzima, ulijaribiwa Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 vilichukuliwa, kura ikapigwa, 40 vikaanza kupata ruzuku na 40 vikasubiri. Kura ndiyo siri yake. Kama wangechagua vijiji vyenye viongozi hodari, baadaye usingejua mabadiliko yameletwa na hela au na viongozi. Kwa kura, vijiji vya makundi mawili vinafanana, kwa hiyo tofauti inayojitokeza baadaye ni ya ruzuku.

Walipopima, kaya zilizopata ruzuku zilikuwa zimejiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii, watoto wao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na viatu, na zilikuwa zimeongeza mifugo midogo midogo. Kuku wako hao tena, Mama. Walihesabiwa ili kujua kama mama aliyepewa hela kidogo anaila ikaisha, au anaigeuza kitu kinachotaga.

Unakumbuka ile hoja ya vikaoni kwamba ukimpa maskini hela ataishia kwenye mbege? Ilikuwa hoja nzito, inasemwa na watu wazima wenye heshima zao, na ingetosha kuua mpango wowote. Wachumi wawili waliokuwa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 za nchi mbalimbali zilizogusa suala hilo, wakaona hakuna dalili ya jumla kwamba ruzuku zinaongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Kuanzia 2012 mpango ukapanuliwa nchini mpaka ukavuka kaya milioni moja. Siwezi kukuambia ni karatasi ya utafiti peke yake iliyofanya hivyo. Siasa ilikuwepo, na fedha za wafadhili zilikuwepo. Lakini yule aliyetaka kusema "watakunywa" alikuta mezani kuna kitu cha kumjibu, na kabla ya hapo hakikuwepo.

Sasa nije kwenye lile neno lako la watoto wanaozaliwa wameshafika.

Hapa Kilimanjaro tumezoea kusema fulani wamefanikiwa kwa sababu ya bidii ya kabila lao. Nimelisikia tangu utotoni, na linanikera kwa sababu linawaonea wote: anayesifiwa hajui kilichombeba, na asiyefanikiwa anaambiwa ni mvivu. Mwaka 2021 wachumi wanne, mmoja wao marehemu Alberto Alesina, walichapisha utafiti uliotumia takwimu za sensa za nchi 27 za Afrika, yetu ikiwamo. Waliuliza swali rahisi: mtoto wa wazazi ambao hawakusoma ana nafasi gani ya kumaliza shule ya msingi, na nafasi hiyo inabadilikaje ukihama kutoka wilaya moja hadi nyingine? Tofauti walizoziona ndani ya nchi moja zilikuwa kubwa ajabu. Na vilivyoashiria vizuri zaidi mahali penye nafasi vilikuwa vitu vya zamani: reli za wakoloni, vituo vya misheni, ukaribu na mji mkuu na pwani.

Litazame hilo kutoka hapo ulipo sokoni. Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na Wakatoliki walikuwa wameshapanda mlima kabla yao. Kibosho yenyewe ni moja ya misheni za zamani. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kahawa ikapata njia ya kufika bandarini, na wakulima wakajipanga kwenye ushirika wao tangu 1925, hadi KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa, ikasimama 1933. Kahawa ikalipa ada, misheni ikawa na darasa. Bibi aliyesoma darasa la nne akazaa mama aliyesoma la saba, mama akazaa daktari. Bidii ilikuwepo, nani abishe, lakini bidii ilikuta ngazi imeshaegeshwa ukutani. Mfugaji wa Longido ana bidii gani ndogo, yeye anayetembea kutwa na ng'ombe juani? Ngazi haikuegeshwa kwake.

Huenda ukasema, labda wenye vichwa ndio wanaohamia penye shule. Hoja ya haki kabisa. Watafiti wale waliwatazama watoto ambao familia zao zilihama wakiwa wadogo, wakalinganisha ndugu wa tumbo moja: aliyefika mahali penye nafasi akiwa na miaka mitatu na kaka yake aliyefika na miaka kumi. Waliona kwamba kweli kuna watu wanaojichagua, lakini hata ukiliondoa hilo, mahali penyewe panamfanyia mtoto kazi, na kadiri anavyokaa muda mrefu zaidi akiwa mdogo ndivyo panavyomjenga.

Marekani waliliona jambo hilohilo kwa njia ya kura. Kati ya 1994 na 1998, familia maskini zaidi ya 4,000 za miji mitano, Chicago na New York zikiwemo, ziliingizwa kwenye bahati nasibu. Walioshinda walipewa vocha ya kodi ya nyumba iliyowataka wahamie mitaa yenye umaskini mdogo. Kwa miaka mingi matokeo yalionekana hafifu, kwa sababu walikuwa wanawapima watu wazima, na kipato chao hakikubadilika. Mwaka 2015 Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz wakawatafuta watoto ambao sasa walikuwa wamekua, kupitia kumbukumbu za kodi. Waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuwa wanapata kama asilimia 31 zaidi ya wenzao ambao hawakupata vocha. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakufaidika hivyo. Kuanzia 2018, mji wa Seattle ukajaribu kuwasaidia wenye vocha kuifikia mitaa hiyo, kwa mshauri wa kutafuta nyumba, taarifa na msaada wa malipo ya mwanzo, na waliohamia huko wakaruka kutoka asilimia 15 hadi 53. Kumbe watu walikuwa wanataka. Walikwama kwenye vikwazo ambavyo mtu aliyeko ofisini hakuviona.

Sisi hatuna vocha za nyumba, na sina haja tuige hilo. Ninachokichukua ni kile kipimo cha miaka. Ukiniambia halmashauri ina fedha za darasa la awali au za semina ya vijana wa miaka 25, na lazima ichague, ninajua nitasimama wapi. Mtoto ukichelewa kumfikia, gharama ya kumfikia inapanda kila mwaka.

Elimu niigusie kwa haraka ingawa ingestahili barua yake. Kupeleka vitu shuleni hakuleti usawa kwenyewe. Kule Busia, Kenya, miaka ya tisini, shule zilipewa vitabu vya kiada, na wastani wa alama haukuongezeka. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa tayari wanaongoza, kwa sababu vitabu vilikuwa vya Kiingereza na wengi hawakuweza kuvisoma. Kwetu, jaribio la KiuFunza lililofanywa na shirika la Twaweza mwaka 2013 na 2014 kwenye shule za msingi 350 lilionyesha kwamba ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi peke yake haikuinua alama. Motisha kwa walimu peke yake ilileta matokeo ya kusuasua. Viwili vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi. Kwa hiyo ukisikia kiongozi anajisifu kwa idadi ya madawati, mpigie makofi, halafu umwulize wangapi wa darasa la tatu wanasoma hadithi ya darasa la pili.

Kijana wako sasa. Hili naliandika kwa uangalifu, maana ni maisha ya mtu.

Mkoani Kagera, kati ya 1991 na 1994, watafiti walizihoji kaya zaidi ya 900, wakati ule wakitaka kuelewa athari za vifo vya UKIMWI. Mwaka 2004 wakarudi, na hapa ndipo nawavulia kofia: hawakuridhika na waliobaki kijijini. Kila aliyekuwa amehama walimfuata, Mwanza, Dar es Salaam, hadi Uganda, wakauliza kwa ndugu na majirani mpaka wampate. Wakarudi tena 2010. Hao ni watafiti waliorudi, Mama, ili ujue wapo.

Walilinganisha watu waliotoka kaya moja, mmoja akahama na mwingine akabaki. Matumizi ya aliyehama yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ya yule aliyebaki. Kwa mfano tu, kama aliyebaki aliongeza asilimia 10, aliyehama aliongeza 46. Hapo kijana wako atashangilia, na baba yake atakunja uso.

Lakini uchambuzi uliofuata wa takwimu hizohizo ulizaa jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Walipowahesabu waliofanikiwa kutoka kwenye umaskini, karibu nusu walikuwa wamepitia njia moja: kuacha kutegemea kilimo na kuingia shughuli nyingine hukohuko vijijini au kwenye miji midogo ya karibu. Waliopitia jiji kubwa walikuwa mmoja kati ya saba. Anayefika jijini na kupata, anapata zaidi, ndiyo. Ila wanaofika ni wachache, wakati mji mdogo unabeba wengi. Nauli yake ni ndogo, mtu analala kwa shangazi, mambo yakigoma anarudi nyumbani kula ndizi akajipange upya, na msimu wa kuvuna kahawa yupo.

Uhamishie kwetu. Miji midogo yetu ni Himo, Boma Ng'ombe, Usa River, Mto wa Mbu. Simama Himo njiapanda siku ya soko utaona ninachosema: fundi pikipiki, mwenye mashine ya kusaga, mama wa mitumba aliyeanzia Kiborloni, kijana anayechomelea mageti, dereva wa Noah anayeita abiria wa Marangu. Wengi wao ni watoto wa wakulima ambao kihamba cha baba kilishagawanywa mpaka kikafika nusu eka. Kwa vile umeme umefika na lami ipo, kazi zinazaliwa hapo.

Kwa mtazamo wangu, hili ndilo fundisho la kiuchumi ambalo sera zetu bado hazijalimeza. Fedha kubwa na macho yetu viko kwenye majiji. Stendi ya Boma Ng'ombe, soko la Himo lenye paa na maji, chuo cha ufundi kwenye mji wa wilaya, hivi vinaonekana vitu vya diwani, wakati takwimu za Kagera zinasema hapo ndipo maskini wengi wanapovukia. Ningekuwa na dakika tano na kamati ya fedha ya halmashauri yoyote ya Kilimanjaro au Arusha, ningezitumia zote kwenye hilo.

Kwa hiyo kijana hana haja ya kuchagua kati ya Dar na jembe. Akae chini na baba yake wazungumze kuhusu fundi gani anataka kuwa, na mji gani wa karibu una uhaba wa fundi huyo. Akijifunza umeme wa majumbani VETA, mwaka mmoja Boma utamfundisha mengi kuliko miezi mitatu ya kuzunguka Kariakoo hana pa kulala. Akishapata mkono na akiba kidogo, Dar haihami. Kagera ni Kagera na Kilimanjaro ni Kilimanjaro, wastani wa watu wengi haumjui mwanao. Wewe unamjua. Nakupa tu kile ambacho wengine waliotangulia wameishi.

Limebaki lile la kuondoka na kutorudi, na hapo sitajitetea. Ile kaya ya Hai niliyoipimia maharage haikuwahi kuona ripoti. Taasisi iliyonituma iliiandika kwa Kiingereza, ikaizindua hotelini, nakala zikaisha kwa waalikwa. Nilimwahidi yule mama kwamba tutarudi, na sikurudi. Nimelibeba hilo miaka mingi. Utafiti usiorudi kwa walioujibu unamfikia waziri kama uchumi wa watu wasio na majina, na wenye majina hawana cha kumshikia diwani wao.

Kumekuwa na vikwazo vya juu pia. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali, watafiti wengi wakafunga midomo. Mwaka 2019 sheria ikalegezwa, na ninashukuru, kwa sababu takwimu isiyoruhusiwa kuulizwa haimsaidii hata anayeitoa.

Basi wakija mara ya nne, kabla hujasema una kuku wangapi, waulize wewe kwanza. Kibali chao cha utafiti kiko wapi, na barua ya mkoa au wilaya? Nani analipia kazi hii, na inataka kujua nini? Matokeo yataletwa lini, kwa nani, kwa lugha gani? Mdadisi aliyefundishwa vizuri hatachukia. Ana karatasi yenye majibu hayo mfukoni, na una haki ya kukataa swali lolote au kusimamisha mahojiano. Mwambie aandike namba ya simu ya mwenyekiti wa kitongoji, na wewe uandike ya msimamizi wake. Wakikuahidi mwezi, mwezi huo ukifika mpigie. Mpigie mbele ya mkutano wa kijiji, uweke sauti ya juu, watu wote wasikie anavyojibu.